Swali la Kuinukia

Hasira ya Wayua ilikaa kwenye miwani. Watu wengine hasira yao hukaa mdomoni, kama ndugu zetu wa Kayole ambao hata wakisalimiana unadhani kuna nyumba inaungua. Wayua hakupaza sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la leso, akaivaa, akakutazama. Ukimwona ameivua tena kabla hujamjibu, tafuta mlango.

Jumatano ile aliifuta mpaka kioo kikaanza kulia, na mbele yake hakukuwa na mtu wa kutazamwa, ila kompyuta kuukuu juu ya meza ya kulia chakula. Kompyuta ilikuwa ikimwambia jambo la kuudhi sana: kwamba mamia ya watu wa mtaa wetu wa Lucky Summer walikuwa wamefungua barua yake tangu asubuhi, wakaisoma mpaka mwisho, kisha wakanyamaza kama mawe.

Kama humfahamu Wayua, wewe si wa mtaa huu, lakini tutakuvumilia. Alikuwa karani katika ofisi ya mizigo ya kiwanda kimoja kule Baba Dogo, tangu akiwa msichana wa sketi ya marinda hadi kiwanda kilipopunguza watu naye akapunguzwa. Kazi yake ilikuwa kuandika barua za kuuliza: mzigo uko wapi, lori limekwama wapi, nani alitia sahihi. Na barua zake zilijibiwa. Hilo alipenda kulikumbusha kila alipopata nafasi, na asipopata nafasi aliitengeneza. Aliyeandikiwa na Wayua alijibu, pengine kwa woga, lakini alijibu.

Baada ya kiwanda, mumewe naye akafariki, Wathome mchonga vinyago, mtu mpole mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Nyumba ikawa kubwa. Ndipo mpwa wake Kamene, anayekaa kule kule Kayole kwenye kelele, alipokuja Jumamosi moja akamkuta shangazi yake akimwandikia barua ya malalamiko mtu wa kuzoa taka, ukurasa wa tatu sasa. Kamene akasema, "Anti, hii hasira yote inapotea bure. Waandikie watu." Akamfungulia jarida la mtandaoni, la kutumwa kwa barua pepe kila Jumatano kwa yeyote anayelitaka. Wakaliita Barua ya Lucky.

Na barua ilipendwa, usidanganyike. Ilikuwa na siku za maji, nani kafiwa na mkutano wa matanga uko kwa nani, nguzo gani ya stima imeinama, funguo za nani zimeokotwa. Wayua aliandika vizuri kuliko magazeti mengi, na hapa tunasema sisi tulioishia darasa la saba, tukaishia kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na ya kutufundisha, kwa hiyo tunajua maandishi mazuri tukiyaona. Mwisho wa kila barua, bila kukosa, aliweka mstari aliojivunia kuliko yote: *Je, wewe msomaji, una maoni gani?*

Mstari huo aliona ni heshima, kama kumvutia mgeni kiti. Na hakuna mgeni aliyewahi kukikalia. Tangu barua ianze, majibu aliyopata yalikuwa ya mama mmoja wa kanisani aliyedhani anamjibu mwanawe, na ya mtu wa kuuza dawa za mende.

Zamani kimya hicho kilimchoma tu, kama kokoto kiatuni. Mwaka huu kikawa jambo zito, kwa sababu ya Kichochoro cha Mbao.

Kichochoro cha Mbao ni njia nyembamba inayotoka nyuma ya nyumba zetu, ikapita kati ya ukuta wa ghala na mtaro, ikatokea upande wa viwanda. Mwanzoni palikuwa na vibanda vya maseremala na wachongaji, ndipo jina likaja. Kibanda cha Wathome kilikuwa pale pale mwisho, na bado kipo. Mtu akipita pale anafika kazini jasho halijatoka. Akizunguka kwa barabara ya juu, anafika akiwa ameshachoka na siku yenyewe haijaanza. Sasa ghala lilikuwa limepata mwenyewe mpya, naye akataka kusogeza ukuta hadi ukingo wa mtaro. Kichochoro kiwe ndani ya ghala. Sisi tuzunguke.

Pakafanywa kikao cha kuchukua maoni ya wananchi, kama sheria inavyotaka. Hema likapigwa, viti vya plastiki vikapangwa, soda zikaletwa na mikate iliyokatwa katikati. Afisa wa miradi aliyetumwa na serikali, kijana mmoja nadhifu aliyeitwa Laban, akaeleza na kueleza. Akaonyesha ramani ambayo aliyekaa nyuma aliiona kama pipi ya kijani. Jua likapanda. Mwishowe akakunja karatasi zake, akauliza, "Kuna mwenye swali au maoni?" Viti vikakwaruza chini. Watu wakafuata soda.

Juma lililofuata, tangazo likabandikwa kwenye ukuta wa ghala wenyewe: wakaazi walishirikishwa na hawakuwa na pingamizi.

Wayua alilisoma tangazo lile akiwa amesimama juani, miwani mkononi. Kisha akaenda ofisini kwa Laban. Alimweleza kwamba watu kunyamaza si kukubali, kwamba mtu mwenye kiu aliyewekewa soda mbele ya macho hawezi kuulizwa habari za ramani, na kwamba huo ni wizi uliovaa tai. Laban alimsikiliza kwa adabu zake zote. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuudhi Wayua zaidi.

"Mama," akamwambia, "kuna kikao kimoja tu kimebaki kabla ya kufunga jambo hili. Lakini hasira yako ni ya mtu mmoja. Niletee wakaazi."

"Nina wasomaji mamia," Wayua akasema.

"Basi walete wasomaji."

Ndiyo maana Jumatano ile ilikuwa nzito. Wayua alikuwa ameandika barua ya moto. Aliuita mpango ule unyang'anyi, akauita dharau, akauita mkono mrefu wa tamaa, akatafuta neno lingine kali kwenye kamusi ya Wathome akaliweka nalo. Na mwisho, kama kawaida yake: *Je, wasomaji, mna maoni gani kuhusu unyang'anyi huu?* Akaituma. Akachemsha chai. Akakaa mbele ya kompyuta kungoja mvua ya majibu, kwa sababu Kamene alishamwonyesha mahali pa kuona nani amefungua barua na saa ngapi, jambo ambalo, ukiniuliza, mtu mwenye hasira za Wayua hakupaswa kuonyeshwa kamwe.

Walifungua. Walifungua wengi kuliko siku zote. Wengine walifungua, wakafunga, wakafungua tena. Kufikia alasiri jibu lilikuwa moja. Neno moja.

*Amina.*

Wayua akampigia Kamene. Alimuuliza, kwa sauti ya chini inayotisha, kama kule Kayole mtu akiibiwa njia watu husema amina. Alimuuliza kama amelea mtaa wa mabubu. Alimwambia kwamba watu hawa wakikosewa chenji dukani wanaitisha mkutano, ila wakichukuliwa njia wanasoma, wanameza mate, wanalala. Kamene alijaribu kusema kwamba pengine swali lenyewe, Anti, na kabla hajafika mbali akaambiwa kwamba swali lile ni sanifu, na simu ikakatwa.

Kwenye orodha ya waliofungua, jina la kwanza, kila Jumatano, lilikuwa la Opicho. Hata barua haijapoa, Opicho kaifungua. Na Opicho alikuwa jirani, ukuta kwa ukuta. Wayua akajifunga leso vizuri akatoka.

Opicho ni dereva wa lori la unga, mtu wa magharibi mwenye tumbo la furaha na mdomo usio na breki. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango wake, viatu vimevuliwa, kikombe cha chai mkononi. Akasogea ili Wayua akae. Wayua hakukaa.

"Wewe umesoma barua yangu leo," akasema.

"Nimesoma, Mama Karani. Tamu sana. Pale kwa mkono mrefu wa tamaa nilimsomea mke wangu mara mbili."

"Mbona hukujibu?"

Opicho akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakulijibu jua.

"Nijibu nini?"

"Nimekuuliza una maoni gani."

"Ah," Opicho akasema. "Kumbe lile ni swali."

Miwani ikavuliwa. Opicho aliona hatari, lakini mdomo wake, kama tulivyosema, hauna breki. Akamweleza kwamba maisha yake yote, kanisani, shuleni kwa watoto, kwenye chama, kwenye matanga, kila anayeongoza kikao akishamaliza husema hivyo: kuna mwenye maoni? Na kila mtu anajua maana yake. Maana yake ni kwamba tumemaliza, chukueni mikoba. Akiinuka mtu mmoja akatoa maoni kweli, watu wote hugeuka kumtazama kwa chuki, kwa sababu ugali unapoa nyumbani.

"Hilo ni swali la kuinukia, Mama Karani. Nikilifika kwenye barua yako najua imeisha. Nakunja simu. Hata huwa nasema amina moyoni."

Kumbe. Basi aliyeandika amina alikuwa tu mtu mkweli.

"Halafu pia," Opicho akaendelea, kwa kuwa hakuna aliyemzuia, "wewe umeshaniambia ni unyang'anyi. Umesema, umerudia, umepigilia misumari. Umebakisha nini niseme mimi? Nikujibu kwamba ndiyo, ni unyang'anyi kweli?"

Wayua alikuwa na majibu matatu makali, yote yamekuja mdomoni kwa pamoja yakabanana mlangoni. Kilichotoka kilikuwa kejeli. Alimkumbusha kwamba yeye Opicho ndiye anayekitumia kichochoro kile kuliko punda, hakuna siku anapita mikono mitupu.

"Mara ya mwisho kupita pale," akamuuliza kwa dharau, "hata ulikuwa umebeba nini?"

Opicho akaweka kikombe chini.

Alikuwa amebeba kochi. Yeye na shemeji yake, kochi la watu watatu, la rangi ya maziwa, walilopewa na bosi aliyehamia kwingine. Lori halikuwepo siku hiyo. Wakaona wapitie Kichochoro cha Mbao. Kufika katikati, kochi likabana, ukuta huku, mtaro huku, haliendi wala halirudi. Nyuma yao wakaja wanawake na ndoo. Mbele wakaja vijana wa zamu ya mchana wanaoenda kazini. Hakuna aliyeweza kupita. Basi Halimo, yule anayetoa vichwa vya mbuzi kule machinjioni Kiamaiko akiwauzia supu watu wa viwandani, akatua sufuria lake, akasema kama kochi halitembei basi likaliwe. Watu wakakaa kwa zamu. Wakanywa supu juu ya kochi, katikati ya kichochoro. Mzee mmoja akapanda juu ya mgongo wa kochi akavuka upande wa pili, akashuka akashukuru. Mpaka akaja Kisilu mchongaji na msumeno, akakata mguu mmoja wa kochi, likapita. Mpaka leo kochi lile limeegemea tofali. Shemeji aliapa habebi tena. Mke wa Opicho alisema yake. Kulikuwa na sehemu ya mbwa pia.

Chai ilikuwa imepoa kikombeni na Opicho bado hajafika nyumbani na hilo kochi, ndipo Wayua alipotambua kwamba amekaa. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, karibu na viatu vya Opicho, akimsikiliza mtu asiyekuwa na maoni.

Hakumshukuru. Alirudi kwake bado amekasirika, ila hasira ilikuwa imebadilisha njia. Alifungua barua za zamani moja baada ya nyingine akasoma mwisho tu. Una maoni gani. Mna maoni gani. Je, una maoni gani. Na kila alipousoma mstari ule alimsikia Laban akikunja karatasi. Lilikuwa swali lile lile! Swali la mtu aliyemaliza kusema. Tofauti yake na Laban ilikuwa soda tu. Yeye hata soda hakutoa.

Akakumbuka barua zake za kiwandani. Hakuna hata siku moja aliyomwandikia dereva akamuuliza ana maoni gani kuhusu mzigo. Alimuuliza: ulipofika kwenye mizani ulikuta nani? Ndiyo maana walijibu. Walijibu kwa sababu walikuwa na jibu, na yeye hakuwa nalo.

Hakungoja Jumatano. Ijumaa asubuhi Lucky Summer ilipata barua fupi kuliko zote. Haikuwa na unyang'anyi ndani yake, wala mkono mrefu, ingawa kuufuta mkono ule kulimuuma. Ilisema ghala linataka kukifunga Kichochoro cha Mbao, na kikao cha mwisho ni Jumamosi ya juma lijalo. Kisha ikauliza: *Mara ya mwisho ulipopita pale, ulikuwa umebeba nini, na ulikuwa ukienda wapi?*

Akachemsha chai. Hakuwahi kuinywa.

Mbeti aliandika kwamba alibeba pacha wake wawili kutoka kliniki, mmoja kila mkono, mvua ikinyesha na gari la kukodi limegoma kuingia tope. Kwaya fulani ilibeba kinanda na spika, na mpiga kinanda akaandika kwa hasira kwamba walioshika spika waliimba na aliyeshika kinanda ndiye aliyechoka. Mtu alibeba mlango. Mwingine alibeba keki ya harusi, akataja kila jiwe alilolikwepa. Kisilu alibeba gogo la muhugu begani, akaongeza kwamba anachonga kwenye kibanda cha mzee Wathome siku hizi, ila tezo ya kuchongea aliyonayo ni ya kuazima na haina makali ya kueleweka. Halimo hakuandika, alimtumia sauti, ndani yake mbuzi wakilia, akisema yeye amebeba vichwa kila siku ya Mungu, na watoto wake wamekula kwa njia ile, na huyo mwenye ghala aje amuulize yeye.

Mmoja hakuweka jina. *Sikubeba kitu. Nilikuwa nimefutwa kazi asubuhi hiyo. Nilipita pale kwa sababu barabarani ningekutana na watu.*

Wayua alilisoma hilo akavua miwani, na safari hii haikuwa kwa hasira.

Jibu la Opicho lilikuja mwisho, yeye ambaye siku zote ni wa kwanza kufungua. Lilikuwa fupi, na sasa nalileta kama lilivyo.

*Ya kochi nimeshakupa bure. Lakini Mama Karani, mimi sijakuona pale tangu tumzike mzee. Wewe unazunguka barabara ya juu. Wewe ulibeba nini?*

Oh, alikasirika. Alitembea kutoka meza hadi dirishani akarudi. Huyu Opicho, mtu wa unga, ni nani hata amuulize mambo yake? Yeye ndiye mwenye barua. Yeye ndiye anayeuliza. Aliandika jibu la kumtia adabu akalifuta, akaandika lingine lenye adabu akalifuta hilo pia. Alikwenda akafungua sanduku lililo chini ya kitanda, akatazama ndani, akalifunga. Jibu halikutoka. Na usijifanye humwelewi. Kila mmoja wetu anajua kuuliza, wa kuulizwa ndio wachache.

Jumamosi ikafika. Hema lile lile, viti vile vile, soda zimejipanga kwenye maji ya barafu mahali ambapo kila jicho lingeziona. Ila watu walikuwa wengi, mpaka wengine wakasimama mtaroni. Wayua alimpa Laban majibu yote, yamechapishwa, yamebanwa pini. Laban akayapitia, akatabasamu mahali pa keki, kisha akakaza uso.

"Mama, hizi ni hadithi," akasema. "Mimi nahitaji maoni."

Meneja wa ghala alikuwa amekaa kando yake, na meneja hakuwa mjinga. Akasimama akasema kwa upole kwamba wao wana mlinzi langoni mchana kutwa, na mlinzi anawajua wapitao. Na huyu mama anayewasumbua watu na barua za mtandao, yeye mwenyewe hapiti. Haonekani pale. Anazunguka barabara ya juu kama mtu mwingine yeyote, na hajafa. Kama yeye anaweza kuzunguka, nani hawezi?

Laban akakunja karatasi.

"Basi. Kuna mwenye swali au maoni?"

Na jamani, mazoea ni kitu kibaya. Viti vikaanza kukwaruza. Watu wale wale waliokuwa wameandika kurasa, mikono ikaenda kwenye mikoba. Opicho mwenyewe, Opicho aliyetufundisha sote, alikuwa nusu amesimama, uso umeelekea kwenye barafu.

"Kisilu," Wayua akaita. "Ulibeba nini?"

Kisilu akasimama, akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyeitwa darasani.

"Gogo la muhugu."

"Ungezunguka nalo?"

"Kwa barabara ya juu? Ningefika na bega moja."

Watu wakacheka, na anayecheka hukaa. Wayua akamwita Mbeti. Mbeti akainua pacha mmoja, mwingine alikuwa kwa jirani. Akamwita mpiga kinanda, akaja na ugomvi wake wote na wenye spika, ukaendelea pale pale mbele ya meneja. Halimo hakungoja kuitwa. Alikwenda mbele na kumwambia meneja kwamba mlinzi wake anakunywa supu yake kila siku, tena akitaka mnofu wa shavu, kwa hiyo aulizwe mlinzi supu hupitia wapi. Laban akafungua tena karatasi zake. Karani aliyekaa pembeni yake akaanza kuandika mbio.

Walipokwisha, Opicho alikuwa bado amesimama. Hakuwa na kicheko usoni.

"Na wewe, Mama Karani?" akauliza. "Meneja amesema kweli. Hupiti. Wewe mara ya mwisho ulibeba nini?"

Watu wote wakageuka, si kwa ile chuki ya ugali unaopoa. Walitaka kujua. Wayua akagusa miwani, akaiacha.

"Nilibeba tezo," akasema.

Akaeleza kwa sauti yake ya karani, kama anayesoma hati ya mzigo. Kwamba Wathome alianguka kibandani akiwa kazini, na wachongaji wakampitisha kichochoroni mle kwenye ubao, wakimkimbiza hospitali. Yeye alifika kibandani akakuta kila kitu kimeachwa kama kilivyo, na tezo iko chini, mpini bado una jasho. Akaifunga kwenye leso yake akapita nayo Kichochoro cha Mbao mpaka nyumbani, ili mumewe akirudi aikute. Hakurudi. Tangu hapo hajapita tena.

"Nazunguka kwa sababu siwezi kupita," akamwambia meneja. "Lakini nataka njia iwepo. Siku nikiweza, nisikute ukuta wako."

Meneja akatazama viatu vyake. Hakuna aliyefuata soda. Barafu iliyeyuka, chupa zikaogelea.

Kichochoro hakikufungwa. Tangazo jipya lilibandikwa juu ya lile la kwanza, na Wayua akaenda kulisoma akiwa na matumaini, jambo ambalo alipaswa kujifunza kutokufanya. Pacha, gogo, kinanda, vichwa vya mbuzi, aliyefutwa kazi, tezo ya Wathome, vyote vilikuwa vimekuwa mstari mmoja: *Wakaazi walitoa maoni. Njia itabaki wazi kwa sasa.*

Kwa sasa! Alilisoma akalirudia. Mtaa mzima umemwaga moyo, naye kijana nadhifu ameukausha na kuukunja ukaingia mfukoni. Alirudi nyumbani akaanza barua kuhusu hilo neno "sasa", ukurasa wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu akasimama. Akavuta sanduku lililo chini ya kitanda.

Opicho alikuwa kwenye ngazi zake alipomwona akipita na kitu kilichofungwa kwenye leso. Kwenye kona Wayua hakupanda kuelekea barabara ya juu. Aligeuka kushoto.

"Unaendelea aje, Mama Karani?" Opicho akaita.

"Uliza vizuri," Wayua akajibu, bila kusimama.

Opicho akafikiri kidogo.

"Umebeba nini?"

Wayua akasimama kwenye mdomo wa Kichochoro cha Mbao, ukuta huku, mtaro huku. Akafungua pindo la leso kidogo, chuma kikaonekana.

"Kisilu anachonga na tezo ya kuazima," akasema, na sauti yake ilikuwa na hasira bado, lakini ya kutembelea. "Katika kibanda cha Wathome. Wewe uliona wapi jambo kama hilo?"

Akaingia ndani.